Picha Pekee ya Papa Gaspari

Mlipokuja nyumbani na kreti ya soda na kile kitenge kizuri, ninyi wapiga picha wa Arua na Koboko, mlisema, "Mama Zaituni, sasa umepumzika, tuandikie kidogo juu ya kazi." Nilikubali kwa sababu soda zilikuwa zimeshafunguliwa. Baadaye nikatambua kwamba mlitarajia hadithi za harusi. Harusi nimepiga nyingi, na zote zinafanana: bibi harusi anachelewa, bwana harusi anatoka jasho, na mjomba mmoja mnene anasimama mbele ya kamera hadi mwisho. Hayo mnayajua. Nitaandika msiyoyajua, na mengi si ya kufurahisha.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichosemezana kazini, Mlugbara, Mkakwa, Mnubi na Mkongomani, kila mtu akikivunja kwa mkono wake. Changu kilinyooshwa na shangazi yangu aliyenilea Kisumu. Ndiyo maana mnanicheka kwamba naongea kama redio.

Nilirudi kwetu Uganda, Koboko, nikiwa msichana mkubwa, ushonaji umenishinda. Baba yangu, kama Wanubi wengi wa pale, alikuwa mjukuu wa askari, na aliamini kwamba mtu asiye na kazi aamrishwe kuitafuta. Akanipeleka Arua kwa mpiga picha mmoja Mkongomani aliyekuwa anatafuta mwanamke wa kumsaidia. Sababu ilikuwa rahisi. Wanawake wa Kiislamu walipokuja kupigwa picha, mtandio ulikaa upande, na hawakutaka mwanamume awasogelee kuuweka sawa. Mwenyewe alikuwa amechoka kuwaelekeza kwa mbali kama mtu anayeongoza lori kurudi nyuma.

Huyo ndiye Papa Gaspari. Alikuwa mtu wa Bunia. Alikimbilia Arua pamoja na mkewe, Mama Noela, wakiwa na kamera mbili, godoro na sufuria. Picha zao zote, hata ile ya harusi yao, ziliungua pamoja na nyumba. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maduka ya vitenge. Ukutani alikuwa amechora pazia kwa mkono wake: ngazi kubwa yenye nguzo nyeupe, na juu yake ndege ya abiria yenye bawa moja refu kuliko lingine. Watu waliipenda sana ndege ile. Hakuna aliyewahi kuniuliza ingewezaje kuruka.

Siku ya kwanza sikugusa kamera. Papa Gaspari aliniketisha kwenye kiti cha wateja, akawasha taa mbili, akasimama nyuma ya mashine yake kimya. Nilikaa pale hadi shingo ikakakamaa. Nilianza kufikiria meno yangu, kisha masikio, kisha mikono ambayo ghafla ilikuwa mingi mno.

"Sasa unajua," akasema alipozima taa. "Mutu anakuja hapa na uoga yake yote. Wewe kwanza utoe uoga, ndiyo utoe picha."

Hilo ndilo somo la kwanza, na ninyi mnaopiga na simu mnalihitaji zaidi yetu, maana simu haimpi mtu hata nafasi ya kuogopa vizuri.

Chumba cha giza kilikuwa nyuma, kipana kama kabati, na taa nyekundu iliyotundikwa kwa waya. Umeme tulivuta kwenye jenereta ya jirani yetu, fundi wa kuchomelea vyuma. Kila alipounga mlango, taa yetu ilififia na picha ikatoka imepauka. Papa Gaspari alijifunza kusikiliza. Akisikia chuma kinalia, alifunika karatasi na kungoja. Maji tuliyachuja kwa kitambaa mara mbili, kwa sababu chembe moja ya mchanga kwenye ukanda wa negativu inakuwa jipu kwenye paji la uso wa mteja. Joto la dawa ya kusafishia picha tulilipima kwa kiwiko, kama mama anayepima maji ya mtoto mchanga. Sikuambiwa nivae glavu. Hazikuwepo.

Kazi iliyotuletea watu wengi zaidi ilikuwa ya misiba. Mtu akifa, familia ilitafuta picha ya kuweka juu ya meza siku za matanga, na mara nyingi walikuwa nayo moja tu: marehemu amesimama kwenye kundi, nyuma ya ng'ombe wa mahari, uso mdogo kama punje. Sisi tulipiga picha ile upya, tukaikuza, tukamkata marehemu kutoka kwa wenzake kwa wembe, tukafuta mkono wa mtu mwingine begani kwake, kisha tukampa ukuta mweupe nyuma. Ukiwa stadi, anatoka kama alikuja studio mwenyewe. Usipokuwa stadi, anatoka na mkono wa tatu. Mimi nilichukua muda kufika.

Papa Gaspari aliichukia kazi ile ingawa aliijua kuliko mtu yeyote. "Mutu aache picha moja nzuri," alikuwa akinung'unika huku wembe uko mkononi. "Moja tu. Ni kazi gani hiyo?" Yeye mwenyewe hakukaa kwenye kiti hata siku moja. Nikimwomba, alisema taa iko mbaya, au shati iko mbaya, au mteja iko mlangoni. Nami sikulifikiria. Fundi seremala hulala kitanda kibovu, na hakuna anayeshangaa.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Kisha ukaja wakati ule ambao watu wa mpakani hawapendi kuuzungumzia, Ituri, mkoa wa kwao Kongo, ilipowaka na watu wakaanza kuvuka kwa makundi, wenye magodoro kichwani na wengine mikono mitupu. Papa Gaspari alikuwa ameombwa na rafiki yake wa zamani aende kupiga picha za harusi ya binti yake, kijiji kimoja ng'ambo ya Aru, mji wa kwanza upande wa Kongo. Tulimwambia asiende. Alisema upande ule bado umetulia, na kwamba rafiki yule ndiye aliyewaficha yeye na Mama Noela walipokimbia Bunia.

"Nitarudi kabla ya soko," akasema. Alivaa shati la mistari, akaweka kamera ndogo begani. Akiwa mlangoni aligeuka. "Funika dawa, Zaituni. Jana uliacha wazi, ikashika vumbi."

Soko lilikuja, likapita. Lililofuata nalo likapita.

Mama Noela alikuja studio asubuhi moja, akakaa kwenye kiti cha wateja. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, muuza maandazi, mwenye sauti iliyofika barabarani. Siku ile sauti ilikuwa ndogo.

"Zaituni," akasema, "yule hajarudi."

Tulifunga studio, tukaenda mpakani Vurra. Kulikuwa na watu wengi kando ya barabara, na kijana mmoja wa shirika la misaada, mwenye redio ya mkononi, aliyekuwa akiuliza wanaovuka wamewaona nani. Alitusikiliza vizuri, kwa adabu.

"Jina lake?"

"Gaspari."

"Bagaspari iko mingi, mama. Uko na foto yake?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo. Tulikuwa na picha za mji mzima wa Arua. Tulikuwa na mashekhe na mapadri, walevi, wachezaji wa mpira, watoto waliokwisha kuwa baba za watu. Nikamtazama Mama Noela, naye alikuwa akinitazama mimi, na nikaona ndani ya macho yake kwamba amefika mahali pale pale nilipofika. Kitambulisho chake alikuwa nacho mfukoni, huko aliko. Hatukuwa na picha yake hata moja.

Nilicheka. Naliandika hili kwa sababu nataka mjue jambo kama hilo likimpata mtu hufanyaje. Nilicheka mbele ya watu waliopoteza watu wao, na yule kijana wa redio akageuza uso.

Candia alikuja kutusaidia. Wengi wenu mnamjua Candia akiwa mzee mwenye studio mbili. Wakati ule alikuwa mpiga picha za mpira kule Onduparaka, mwepesi, mbishi, asiyeamini kwamba kuna kitu kinachoshindikana. "Haiwezekani," alisema. "Mutu anapiga picha maisha yake yote, lazima ameingia mahali."

Negativu zilikuwa ndani ya mikebe ya biskuti, kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua. Tuliitoa yote. Tulikaa dirishani, mimi na Candia, tukashika ukanda mmoja mmoja dhidi ya mwanga, huku Mama Noela akizirudisha kwenye mikebe tulipomaliza. Macho yalituuma. Mnajua negativu ilivyo: weusi ni weupe, meno ni mashimo, na kila mtu anafanana na mzimu. Tulipitia harusi, ubatizo, mahafali, maiti. Tulimpata Papa Gaspari mara nyingi, lakini vipande vipande. Kivuli chake kimelala kwenye nyasi mbele ya kwaya. Kiwiko chake kimeshika pazia. Mara kadhaa alikuwa mzima ndani ya kioo cha duka au cha gari, amesimama vizuri kabisa, na kamera imemfunika uso.

"Anajificha," Mama Noela alisema siku moja, kwa hasira. "Angalia. Anajificha kwa makusudi."

"Hajifichi, Mama. Ndivyo kazi ilivyo."

"Hii kazi ni ya wezi?"

Candia ndiye aliyeiona. Ilikuwa harusi ya kule kijijini Dadamu. Bibi harusi amesimama chumbani kwa mama yake, mbele ya kabati lenye kioo. Mwanga ulikuwa hafifu, kwa hiyo Papa Gaspari alikuwa ameisimamisha kamera kwenye miguu mitatu na kubonyeza kwa waya, akisimama pembeni. Na pale ndani ya kioo, nyuma ya bega la bibi harusi, alikuwepo: mwanamume mwembamba mwenye waya mkononi, uso wazi, hakuna kamera mbele yake. Lakini lenzi ilikuwa imefunguka kwa muda mrefu, na yeye alikuwa anasema. Kichwa kilikuwa kimesogea. Mdomo ulikuwa umefunguka.

Tulimngoja fundi wa vyuma apumzike mchana, tukaingia chumba cha giza wote watatu, ingawa hakikutosha hata wawili. Niliinua mashine ya kukuza hadi kichwa chake kikagonga dari, nikaelekeza mwanga kwenye kile kipande kidogo cha kioo tu. Karatasi ikaingia kwenye dawa. Kwanza likatokea shela la bibi harusi, kama moshi. Kisha ukingo wa kabati. Kisha yeye, pole pole, chembe kubwa kama za mtama, macho mawili yaliyovutwa upande, mdomo mweusi.

Mama Noela aliinama hadi pua yake ikakaribia dawa.

"Ni yeye," akasema. Halafu, "Hapana." Halafu akashika ukingo wa meza. "Ni yeye. Sikio lile ni lake. Anasema nini?"

"Anamwambia bibi harusi asitazame chini."

"Kumbe hata hapa hakunyamaza."

Candia alitaka kuirekebisha. Tulikuwa na penseli laini na brashi ya nywele chache, vitu tulivyotumia kila siku kuziba mikwaruzo. Alisema akipewa saa moja atayakaza macho, aufunge mdomo, anyooshe taya, na watu watamtambua. Nilimwambia asithubutu. Akasema picha isiyoonyesha mtu haina faida. Tulipandishiana sauti hadi fundi wa vyuma akaja kuchungulia.

Mama Noela ndiye aliyekata maneno. "Usimchoree macho, Candia. Ukimchorea macho, utanitafutia mutu mwingine."

Candia akaweka penseli chini. Katika miaka yangu yote sikusikia tena mtu akiieleza kanuni ya kurekebisha picha kwa ufupi kama ule.

Nilichapa nakala kadhaa. Mapigano yalipotulia kidogo, Mama Noela na mimi tukavuka, tukijifanya wachuuzi, yeye na maandazi, mimi na nguo za mitumba. Kamera yangu ndogo niliifunga ndani ya sketi ya mitumba. Candia tulimwacha. Wanaume walikuwa wanashushwa kwenye magari.

Tulianzia sokoni Ariwara, mahali ambapo kila mtu wa upande ule hupita mwishowe. Tuliwaonyesha wauza samaki, wabadilisha pesa, wasukuma baiskeli. Walikuwa watu wazuri. Walifuta mikono kabla ya kuishika picha. Walitazama, wakaigeuza, wakaisogeza mbali kisha karibu.

"Mama, hii mutu iko na moshi ku uso," mwanamke mmoja alituambia kwa huzuni, kana kwamba ni ugonjwa anaompa pole.

Mwingine alisema bila kusita kwamba amemwona, yuko Mahagi, anauza mafuta ya taa. Tulikwenda. Alikuwepo kweli muuza mafuta, mwembamba, mwenye sikio kama lile. Alitukaribisha, akatupa maji, akasema anasikitika kwamba si yeye. Mama Noela alimkodolea macho kwa muda mrefu mno. Nilimshika mkono nikamtoa. Njiani alisema, "Kwa dakika moja nilitaka kumchukua huyo."

Kile kijiji cha harusi tulikikuta kimeungua. Rafiki yake hakuwepo wala mtu wa kumuuliza. Tukageuza kurudi Aru. Kando ya barabara kulikuwa na kanisa la matofali mabichi, na mkatekista mmoja, mzee mwenye ndevu chache, alikuwa anapigilia misumari benchi lililovunjika. Tulimsalimu. Nikatoa picha. Nilikuwa nimechoka kuitoa.

Aliitazama kwa makini. "Hapana, bamama. Hii sura siijue."

Nikanyoosha mkono kuichukua. Hakuiachia. Alikuwa hatazami picha tena, anatazama vidole vyangu.

"Mama, hizi kucha zako ziko na nini?"

Kucha zangu zilikuwa na rangi ya kahawa nzito, na ngozi kuzizunguka imepasuka. Kucha za kila mtu wa chumba cha giza zilikuwa hivyo. Nilikuwa nimeacha kuziona.

"Ni dawa ya kusafisha picha," nikamwambia. "Haitoki."

Mkatekista aliweka nyundo chini. "Kulikuwa mutu mumoja na kucha kama hizi," akasema. "Walishusha batu ku lori, pale kwenye daraja, wakabaua. Sisi tulikuja kuzika. Ule mutu, tuliona mikono yake, tukasema ni ugonjwa. Tukaogopa. Batu hawakutaka kumugusa. Tulimuvuta na kamba. Hatukumuosha."

Mama Noela hakulia. Aliuliza swali moja, "Shati?"

"Ya mistari."

"Mistari ya rangi gani?"

"Bulu."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepokea mzigo wake na kuukuta sawa.

Walikuwa wamezikwa pamoja, nyuma ya kanisa, kwenye tuta refu ambalo nyasi zilikuwa zimeanza kulifunika. Mkatekista alisema mtu wetu ni wa mwisho upande wa barabara, kwa sababu walimwacha hadi mwisho. Mama Noela akamwomba maji. Mzee akaleta ndoo na kibuyu.

"Kichwa kiko upande gani?" Mama Noela akamuuliza.

Mkatekista alifikiri. Akaangalia kanisa, akaangalia barabara. "Mama, nitakudanganya. Sikumbuki."

Basi alivua viatu akapiga magoti, akaanza kumwaga maji juu ya ile ardhi, kidogo kidogo, akiipapasa kwa kiganja, kama anavyooshwa mtu. Alipofika mwisho wa upande mmoja, alirudi akaanza tena kutoka upande wa pili, ili popote kichwa kilipo kiwe kimepata maji kwanza. Udongo uligeuka tope na kumpanda hadi viwikoni. Mkatekista alivua kofia. Mimi nilibeba ndoo.

Alipomaliza aliniambia, "Piga."

Nilitoa kamera kwenye zile nguo. Niliiegemeza kwenye ukuta wa kanisa. Ninyi mtakaoitwa kupiga kaburi lisilo na alama, msipige udongo peke yake. Udongo wote ni mmoja. Ingizeni kitu kisichohamishika, kona ya jengo, mlima, daraja, ili aliye hai aweze kurudi. Nilipiga tuta, kona ya kanisa na daraja kwa mbali. Kamera ya Papa Gaspari hatukuiona wala hatukuiulizia.

Matanga tuliyafanya Arua, bila mwili. Juu ya meza tuliweka ile picha, nimeikuza kuliko karatasi ilivyopenda, ndani ya fremu ya mbao ambayo Candia aliitengeneza na kuipiga msasa hadi ikang'aa. Watu waliingia, wakapiga ishara ya msalaba, wakainama karibu, wakarudi nyuma. Karibu kila mmoja alininong'oneza swali lile lile: hakuna nyingine? Mutu wa studio, kweli, hakuna nyingine? Niliwajibu vizuri kwa siku ya kwanza.

Baada ya matanga Candia alizunguka mji, akaja na wapiga picha wote aliowapata, wa Arua, na wengine akawaleta kutoka Koboko juu ya gari la mihogo. Wengine walikuwa wapinzani wetu wabaya. Kila mmoja akakaa kwenye kiti mbele ya ile ndege. Sijawahi kuona wateja wagumu vile. Mmoja alitaka kusogeza taa. Mwingine aliniuliza nimefungua lenzi kiasi gani. Mtu mmoja mzima, aliyekuwa amepiga nusu ya watu wa Koboko, alitoka jasho hadi shati likashika mgongo. Candia alikonyeza jicho, nikalazimika kurudia. Mwisho wakaniweka mimi. Nilikaa, nikaziona taa mbili, na hakukuwa na mtu nyuma ya mashine aliyejua kunitoa uoga. Picha ile ninayo. Nimekodoa macho kama mwizi aliyekamatwa.

Studio niliiendesha kwa jina lake, Mama Noela akiwa mwenye nyumba na mimi fundi. Picha za rangi zikaja, filamu zikawa zinapelekwa Kampala kwa basi na kurudi na sura za watu wengine. Kisha zikaja kamera zisizo na filamu, na chumba cha giza kikawa stoo ya viti vya plastiki. Watu wa Sudani Kusini walipovuka kwa wingi, nilifungua kibanda Koboko, na pale ikanirudia ile kazi ya wembe, sasa kwa kompyuta. Walileta simu zenye vioo vilivyopasuka, na ndani yake uso mmoja, mdogo, wa mtu aliyebaki njiani. Waliniomba nimfanye mweupe zaidi, nimvalishe suti, nimfumbue macho. Suti niliwapa. Macho sikuchora. Wengine walikasirika wakaenda kwa mwingine aliyewachorea, na sina neno nao. Najua walichokuwa wanatafuta.

Mwaka huu macho yangu yamegoma. Kule hospitali ya Kuluva daktari aliniambia bila kuzunguka kwamba nimechelewa, na nikamshukuru kwa kutonipaka mafuta. Kibanda nimefunga. Studio ya Arua ameichukua binti wa Candia, na ameshaifunika ile ndege kwa rangi. Sikwenda kutazama.

Siku niliyotoa vitu vyangu nilipita kwa Mama Noela. Hauzi maandazi tena, miguu imevimba, anakaa kwenye kiti kando ya mlango wa chumba. Picha iko ukutani mbele yake, ndani ya ile fremu ya Candia. Tulikunywa chai. Tuliongea habari za magoti. Kisha akaielekezea kidole ile picha.

"Zaituni, nikuulize kitu na usinicheke."

"Siwezi kukucheka, Mama."

"Zamani nilikuwa nikifumba macho namwona. Anakula, anavaa viatu, ananigombeza. Sasa nikifumba macho naona ile tu. Na moshi yake, na mdomo wazi. Hata nikimwota, anakuja na moshi." Alikuwa anazungumza kwa utulivu, kama anayemweleza daktari. "Wewe ulikaa naye kila siku, na kuangalia sura za watu ndiyo kazi yako. Niambie pua yake ilikuwa namna gani."

Nilifumba macho. Nilitaka kumpa hata pua tu. Nilisikia sauti yake ikinung'unika juu ya wembe. Niliona mikono yake ndani ya taa nyekundu, ikitikisa sinia la dawa. Nikapanda na macho kutoka mkononi hadi begani, kutoka begani hadi shingoni, pole pole ili nisimkimbize, nikafika usoni. Macho mawili yamevutwa upande. Mdomo mweusi. Chembe kubwa kama za mtama.

"Sijui, Mama," nikasema. "Na mimi naona hiyo hiyo."

Alinyoosha mkono akaushika wangu, akakaa nao magotini kwake bila kuutazama.

"Basi," akasema. "Basi amekwenda."